Ngoma zilifika, wapigaji hawakufika

Mwezi huu tulikubaliana kila mmoja aandike historia ya albamu moja ya muziki. Wengi mmechagua wanamuziki wa Kinshasa na wa Dar es Salaam. Mimi nimechagua albamu ya Waingereza wanaopiga ska iliyochanganywa na panki, na najua kuna watu wameshaanza kucheka. Subirini kidogo. Njia yake inapita hapa hapa Burundi, na mwisho wake uko ndani ya simu yangu.

Miaka michache nyuma nilikuwa ninajitolea kwenye hangari ya vijana kambini, kule mashariki ya nchi. Kulikuwa na fundi mmoja wa maji, Mwingereza. Mkataba wake ulipoisha aliniachia flashi imejaa muziki. Jioni tukaichomeka kwenye baffle ya hangari tuone ina nini. Rafiki yangu mmoja, ambaye hupiga bidoni ya lita 20 kuliko watu wanavyopiga ngoma ya kweli, akasimama. Akasema: "Hawa jamaa gitaa lao linapiga kinyume!"

Na kweli linapiga kinyume. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, ukipiga mguu chini. Sasa kati ya moja na mbili weka "na": moja NA mbili NA tatu NA. Kwenye ska gitaa linakaa kwenye ile "na". Mguu unashuka, gitaa linapanda. Ndiyo maana mtu hawezi kukaa kwenye kiti. Albamu tuliyokuwa tunasikiliza inaitwa Specials, ya bendi ya The Specials, ya mwaka 1979.

Tukaendelea kusikiliza. Baadaye likafunguka folda lingine, bendi inaitwa Adam and the Ants, albamu ya 1980. Ngoma zilipoanza, rafiki yangu akanishika mkono. "Hii si ya kwao. Hii ni ya hapa." Mimi nilibisha. Yeye alizaliwa kambini hapa Burundi, ameona wapiga ngoma kwenye kila sikukuu ya Julai. Alikuwa na haki, mimi nilikosea. Kuanzia siku ile nikaanza kutafuta: ngoma za Burundi zilifikaje kwenye panki ya Uingereza? Na kwa nini ska ilifika ikiwa na watu wake, lakini ngoma zikafika peke yake?

Kwanza, ska na watu wake

Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Tofauti ni wiki tano tu. Ska ndiyo iliyokuwa muziki wa sherehe ile Kingston: tarumbeta, tromboni, piano na lile gitaa la kinyume.

Lakini Wajamaika walikuwa wameanza kuhama zamani. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Uingereza mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya watu kutoka Karibiani, na baada yake walikuja wengi zaidi. Walikwenda kufanya kazi viwandani, hospitalini, kwenye mabasi. Kwenye masanduku yao walibeba santuri. Watoto wao wakasoma shule moja na watoto wa Waingereza, wakasikiliza muziki mmoja.

Coventry ni mji wa viwanda vya magari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi zilikuwa zinapungua, na chama cha National Front kilikuwa kinapita barabarani kupiga kelele kwamba wageni warudi kwao. Sisi maneno hayo hatuhitaji kutafsiriwa. Kila mmoja wetu ameyasikia kwa lugha fulani.

Hapo ndipo The Specials walipotokea, jamaa saba, weupe na weusi pamoja. Jerry Dammers alikuwa kwenye kinanda na ndiye aliyekuwa na wazo. Terry Hall aliimba. Lynval Golding wa gitaa na Neville Staple wa sauti walizaliwa Jamaika wakaletwa Uingereza wakiwa watoto. Hawakutaka kusubiri kampuni kubwa iwafungulie mlango. Dammers akaanzisha lebo yao, 2 Tone, yaani rangi mbili, na alama yake ni miraba myeusi na myeupe. Wimbo wao wa kwanza, "Gangsters", waliutoa kwa pesa za kukopa. Hawakuwa na pesa za kurekodi upande wa pili wa santuri, basi wakaweka kazi ya jamaa wengine wa mji huo huo, iitwayo "The Selecter". Baadaye ndipo kampuni ya Chrysalis ikakubali kuwasambazia, lakini jina la 2 Tone likabaki kwenye santuri.

Albamu yenyewe ilitoka Oktoba 1979, Elvis Costello akiwa ndiye aliyesimamia kurekodi. Ina haraka ya panki na mdundo wa ska. Ina hasira, lakini hasira inayochezeka. Na nyimbo kadhaa za ndani si zao. Ni za Wajamaika wa miaka ya 1960: moja ya Toots Hibbert, moja ya Prince Buster, na ile ya kwanza kabisa, "A Message to You, Rudy", ni ya Dandy Livingstone. Ukitafuta nyimbo hizo utaona wenyewe ni nani.

Ule wimbo wa kwanza una jambo ambalo nalipenda sana. Dandy Livingstone aliurekodi mwaka 1967. Tromboni ilipigwa na mzee Rico Rodriguez, mtu aliyezaliwa Havana, akakulia Kingston, akajifunza muziki Alpha, shule ya masista ya watoto maskini, na kufika Uingereza mwaka 1961. Miaka 12 baadaye vijana wa Coventry walipotaka kuupiga upya, hawakuiga tu tromboni ile. Walimtafuta Rico mwenyewe. Akaja akaupiga mara ya pili. Mtu yule yule, mdomo ule ule, wimbo ule ule, 1967 na 1979.

Bendi nyingine iliyoanzia 2 Tone, Madness, ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo wa Prince Buster, na wimbo wao wa kwanza, "The Prince", ulikuwa wa kumheshimu yeye.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Wanamuziki wengi wa Jamaika wa miaka ya 1960 walipewa pesa kidogo mara moja pale studio, basi, wengine wakatajirika. Lakini majina yalibaki. Na jina likibaki, hata mjukuu anaweza kuja kudai.

Pili, Burundi, mwaka ule ule wa 1967

Mwaka Rico alipopuliza tromboni ile mara ya kwanza, Mfaransa anayeitwa Michel Vuylsteke alikuwa Burundi na mashine ya kurekodi. Kazi yake ilitoka mwaka 1968 kwenye santuri iitwayo Musique du Burundi. Lebo ilikuwa Ocora, iliyozaliwa ndani ya ofisi ya serikali ya Ufaransa ya ushirikiano wa redio.

Tuangalie vizuri ule mwaka. Tarehe 28 Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero aliondoa ufalme akatangaza jamhuri. Mwami wa mwisho, Ntare wa Tano, alikuwa hajatimiza hata miaka 19. Na kwa Kirundi, wale mnaokijua mtanisahihisha nikikosea, neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na ufalme. Ni neno moja. Mwami alikuwa na ngoma takatifu, Karyenda. Sikukuu ya umuganuro, ya kupanda mtama, ilifunguliwa kwa ngoma. Kule Gishora, karibu na Gitega, kuna mahali pa ngoma panapokumbukwa tangu enzi ya Mwezi Gisabo. Kwa hiyo waliorekodiwa mwaka 1967 walikuwa wanapiga ingoma ya kwanza wakati ingoma ya pili haipo tena.

Ngoma zenyewe hutengenezwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, mti unaofanya ngoma iseme, likafunikwa ngozi ya ng'ombe. Hupangwa nusu duara. Katikati inasimama inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe zinashika mdundo mmoja bila kuchoka. Ibishikizo zinamfuata yule wa katikati, akibadilisha nazo zinabadilisha. Kila mpigaji kwa zamu yake huja mbele, anaruka, anacheza, anapiga, halafu anampisha mwenzake. Kila mmoja anapata dakika zake za kuonekana.

Kwenye santuri huwezi kuona hayo. Unasikia mlio mmoja mkubwa. Aliyeinunua Paris au London alijua amenunua "ngoma za Burundi", basi.

Na si ngoma peke yake. Kuna akazehe, salamu ambayo wasichana na akina mama wa Burundi huimbiana, sauti mbili zinapokezana haraka mpaka hujui nani ameanza na nani amemaliza. Ziko kwenye santuri ile ile. Waimbaji wameandikwaje? "Msichana mmoja." Na nyingine: "Wasichana wawili."

Nilipolisoma hilo nilifunga simu. Nitawaambia baadaye kwa nini.

Tatu, safari ya ngoma bila wapigaji

Mwaka 1971 mpangaji muziki wa Ufaransa, Michel Bernholc, alichukua ile rekodi ya ngoma akaongeza kinanda na gitaa juu yake. Akaitoa kwa jina la Burundi Steiphenson Black, na wimbo ukaitwa "Burundi Black". Ulipendwa, ukaingia mpaka kwenye chati za Uingereza. Hebu tuliangalie jina lenyewe: nchi imo, na jina la bandia la Mfaransa limo. Waliopiga ngoma hawamo.

Mwaka uliofuata, 1972, Burundi iliingia kwenye mauaji makubwa. Watu wengi sana walikufa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Wazazi wa baadhi ya tunaowajua walianzia ukimbizi pale. Sijui wale wapigaji na wale wasichana wawili ni nani, kwa hiyo siwezi kusema yaliwapata yapi. Lakini fikirieni tu: ule mlio ulikuwa unachezwa kwenye kumbi za dansi za Ulaya wakati huku watu wanajificha migombani.

Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alichukua kipande cha ngoma zile akakizungusha chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Siku hizi kila mtoto mwenye simu anaweza kukata mlio na kuuzungusha. Wakati ule ilikuwa jambo jipya.

Halafu ikaja panki. Adam Ant alikuwa na bendi ndogo ya London. Albamu yake ya kwanza, ya 1979, ilitoka kwenye lebo ndogo ya kujitegemea, Do It. Akamlipa Malcolm McLaren, aliyewahi kuwasimamia Sex Pistols, ili amshauri. McLaren akampa kaseti ya miziki ya kusikiliza, na ngoma za Burundi zikiwemo. Halafu huyo huyo McLaren akawachukua wapigaji wa Adam akawaanzishia bendi nyingine, Bow Wow Wow. Adam akabaki na jina na ile kaseti. Akatafuta watu wapya, akaweka wapiga dramu wawili kwa mpigo ili mlio uwe mzito kama alioupenda, na Novemba 1980 akatoa Kings of the Wild Frontier. Mwaka 1981 ilikuwa namba moja Uingereza. Mdundo ule ndio rafiki yangu aliutambua kwenye hangari, baada ya sekunde tano.

Bow Wow Wow nao walitumia mdundo huo huo. Mwimbaji wao, Annabella Lwin, alikuwa msichana mdogo aliyezaliwa Burma, akaletwa Uingereza na familia yake. Wimbo wao wa kwanza, wa 1980, ulisifia vijana wanaorekodi muziki wa bure kwenye kaseti nyumbani, bila kununua. Nilicheka. Mdundo wenyewe uliwafikia kwa kaseti.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kusema muzungu asiguse ngoma yetu. Kwanza siyo yangu, mimi ni Mkongomani wa Fizi. Pili, muziki ukifungiwa ndani unakufa. Wanamuziki wa Uingereza hawakuficha mdundo unatoka wapi, kati yao waliuita kabisa mdundo wa Burundi. Lakini jina la nchi si jina la mtu. Ukisema "mchele wa Burundi" hujamlipa mkulima wa Imbo.

Wanasheria wanasemaga hivi: kwenye wimbo kuna haki ya aliyetunga na kuna haki ya mwenye rekodi. Muziki ukiandikwa kwamba ni wa asili, mara nyingi aliyetunga anahesabiwa hayupo. Mwenye rekodi ni kampuni. Yule aliyetoka jasho anabaki katikati, mikono mitupu. Haihitaji mtu mwenye roho mbaya. Inatosha siku ile ya kurekodi hakuna aliyeuliza, "Unaitwa nani?"

Nilimuuliza mzee mmoja wa Buyenzi, mtu aliyekuwa kijana miaka ile na anayependa santuri. Nikamwambia nataka kujua majina ya waliorekodiwa. Akanitazama kama mtoto. "Kijana, wale waliuliza jina la ngoma. Hawakuuliza jina la mtu."

Nne, siku walipofika wenyewe

Hadithi haikuishia kwenye kaseti. Mwezi Julai 1982 Peter Gabriel na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD kule Shepton Mallet, Uingereza. Wapiga ngoma kutoka Burundi walialikwa, wakafika, wao na ngoma zao. Bendi ya Liverpool, Echo and the Bunnymen, ikapanda nao jukwaani wakapiga wimbo pamoja. Na kwenye orodha ya tamasha lile lile walikuwepo The Beat, bendi ya ska kutoka Birmingham iliyoanzia 2 Tone.

Nimelifikiria sana tamasha lile. Miaka 15 baada ya 1967, ska ya wahamiaji na ngoma za Burundi ziko kwenye uwanja mmoja wa nyasi. Hapo Mwingereza anaona kwamba ule mlio mmoja mkubwa ni wanaume kadhaa, kila mmoja ana uso wake na ruka yake. Tamasha lilipata hasara ya pesa, lakini mlango ulifunguka, na wapiga ngoma wa Burundi wamezunguka dunia tangu hapo.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais ikasema ngoma zisipigwe kwenye sherehe binafsi bila kibali na malipo ya faranga 500,000, na wanawake wasizipige. Kwa hiyo leo ngoma ina cheti cha dunia na ina sheria ya nchi. Inalindwa. Lakini ukirudi kwenye santuri ya 1968, bado ni "msichana mmoja" na "wasichana wawili".

Tano, sisi

Sasa niseme kwa nini nilifunga simu.

Kwanza kuna lile jambo ambalo baadhi yenu mlikuwepo. Wageni walikuja hangarini na kamera. Vijana watano wakapiga bidoni na sufuria, rafiki yangu yule akiwa katikati kama inkiranya. Walipiga vizuri mpaka wamama wa foleni ya maji wakaacha bidoni zao wakaja kuangalia. Miezi michache baadaye tukaiona ile video kwenye mtandao. Imekatwa vizuri, ina muziki mwingine umeongezwa juu, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kitu kama "wakimbizi wakicheza kwa furaha". Tulikasirika. Rafiki yangu alisema: "Hata bidoni ina maandishi ya kampuni. Mimi sina."

Mimi nilikasirika kuliko wote. Niliandika maneno makali kwenye kikundi, mnakumbuka.

Lakini ndani ya simu yangu kuna faili linaitwa bibi_wimbo_2. Nililirekodi mwenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja, Mbembe kama mimi, aliyekuwa akikaa mlango wa nne kutoka hangarini. Alikuwa anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mama yangu aliuimba pia, ila bibi alikuwa na ubeti ambao mimi sijawahi kuusikia popote. Siku moja nilikaa naye nikaurekodi, dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nyuma unasikia mbuzi, na mtoto anakohoa. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Watu wote walimwita bibi, na mimi nikamwita bibi. Sikumuuliza jina.

Baada ya miezi familia ile iliondoka. Wengine wanasema walipata safari ya Marekani, wengine wanasema walirudi upande wa Baraka. Mimi nilihamia huku Bujumbura. Ule wimbo nimewasikilizisha watu wengi, umependwa, na kijana mmoja wa studio hapa mjini akaniomba aweke biti chini yake. Nilikuwa karibu kumpa. Ningempa, angeuandika nini? "Bibi mmoja."

Basi mimi ndiye yule mtu wa mwaka 1967 na mashine yake. Sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa na haraka tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kwetu sisi na kwenu mnaotusaidia.

La kwanza, kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, tuulize jina, mahali anapotoka, na wimbo au ngoma kajifunza kwa nani. Tuseme majina hayo kwa sauti mwanzoni mwa rekodi yenyewe. Faili linaweza kubadilishwa jina, sauti iliyo ndani si rahisi.

La pili, najua wahudumu mtasema kwamba jina linaweza kumhatarisha mkimbizi. Ni kweli kabisa, wapo kati yetu watu ambao majina yao yakitoka hadharani watatafutwa. Lakini tofautisheni kuandika na kutangaza. Jina liandikwe kwenye daftari linalofungwa, halafu mwenyewe aulizwe kama litoke au lisitoke, au anataka jina gani la jukwaani. Akisema hapana, ni hapana yake. Mkimwondolea jina bila kumuuliza, hapo hamjamlinda.

La tatu, mtu akitaka kutumia mlio wa mwenzetu, amtafute kwanza, kama vijana wa Coventry walivyomtafuta Rico. Kama yupo, aje apige mwenyewe. Kama pesa zitapatikana, wamekwisha kuonana uso kwa uso, watazungumza.

Yule kijana wa studio nimemwambia asubiri. Hakufurahi. Faili nimelibadilisha jina, nimeandika yale ninayoyajua: mwimbaji Mbembe, mama mtu mzima, mlango wa nne kutoka hangari ya vijana, wimbo wa kubembeleza, mrekodi ni mimi. Mahali pa jina nimeacha wazi.

Wale mliokaa kambini miaka ile, nitawatumia kipande cha sekunde kumi mmoja mmoja, sitakiweka hadharani. Sikilizeni sauti, msikilize na yule mtoto anayekohoa. Sasa hivi atakuwa amekua, pengine yuko shuleni mahali fulani na ana simu. Kama kuna anayemjua, amuulize tu bibi yake anaitwa nani.